Kutoka Chicago hadi Indianola: Siku Sita za Kumfuata B.B. King

Siku ya Kwanza: Chicago

Nimechagua kuondoka leo kwa sababu tarehe kama hii, 3 Oktoba 2014, B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, muziki wa watu Weusi wa Marekani, alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho maishani mwake, hapa hapa Chicago, katika ukumbi wa House of Blues, nami nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama chini yake. Alikuwa na umri wa miaka 89, ameketi kitini kama ilivyokuwa desturi yake uzeeni, na lile gitaa jeusi aliloliita Lucille limelala pajani. Usiku ule aliugua akiwa kazini. Baadaye tulisikia kwamba mwili ulikuwa umepungukiwa maji na kuishiwa nguvu, na maonyesho manane yaliyokuwa yamebaki katika ziara ile yakafutwa. Hakurudi tena jukwaani, na tarehe 14 Mei 2015 alifariki dunia mjini Las Vegas.

Kwa hiyo kumbukumbu yangu pekee ya kumwona kwa macho ni kumbukumbu ya mzee aliyechoka. Marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi wa redio mjini Mwanza, alikuwa na kanda yake moja tu, na kwa kanda hiyo alijaribia kila redio aliyoitengeneza. Mimi niliijua sauti ya gitaa lile kabla sijajua jina la mwenye kulipiga. Miaka yote tangu usiku ule nimebeba uchungu wa mtu aliyechelewa, aliyefika mezani sahani zikiondolewa. Ndipo nikaazimia kufunga safari ya kwenda alikozaliwa, na njiani kuwauliza waliomwona siku zake za nguvu wanieleze walichokiona.

Wa kwanza nimemuuliza mchana huu. Ni mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, ambaye alikubali kuja nami hadi Mtaa wa 47, upande wa kusini wa jiji, mahali palipokuwa na ukumbi wa Regal uliobomolewa mwaka 1973. Tarehe 21 Novemba 1964, siku ya Jumamosi, King alirekodi hapo santuri ambayo wapiga gitaa wengi duniani wameisoma kama watoto wa madrasa wanavyosoma juzuu. Mama huyu alikuwa na miaka 16, akaja na dada yake mkubwa. Wazazi wao, kama wazazi wa karibu kila aliyekuwamo ukumbini, walikuwa wamepanda treni kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi kuja kutafuta kazi Chicago, na ananiambia kwamba hilo ndilo jambo la kulishika kabla ya mengine yote: watu wale hawakwenda kumtazama mgeni, walikwenda kumsikiliza mtoto wa kwao akiwasemea.

Kuna wimbo katika santuri ile ambamo mwanamume anamhesabia mpenziwe mema yote aliyomtendea, kimoja kimoja, hadi anapofika kwenye watoto saba, na hapo ukumbi mzima unapiga yowe. Mama ananieleza kwamba dada yake aliruka kutoka kitini na kupiga ukelele mpaka sauti ikamkauka kwa siku mbili. Dada huyo amekwisha kutangulia mbele ya haki. “Lakini yumo mle,” amesema, akielekeza kidole mahali ambapo sasa pamesimama kituo cha utamaduni chenye jina la Harold Washington. “Nikiiweka santuri, namsikia.”

Usiku nimepanda treni ya City of New Orleans, inayopita katika reli ileile iliyowaleta wazazi wake, ila mimi naelekea kusini.

Siku ya Pili: Memphis

Nilikuwa nikizungumza na mdogo wangu kwa simu, treni ikiwa imesimama Champaign, ndipo mzee mmoja aliyekuwa amepanda hapo akanigeukia na kunisalimu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Champaign ina Wakongo wengi, na yeye anaishi huko na mwanawe. Alikuwa anakwenda Memphis kumwona binti yake aliyejifungua. Nilimwita Mzee, naye akaniomba nimwite Papa, kama kwao. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mimi nilimwona. Kinshasa.”

Mwaka 1974 Papa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilikuwa limepangwa kufanyika Septemba, na kabla yake likaandaliwa tamasha la siku tatu katika Uwanja wa 20 Mei. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikwisha kufika na tamasha likaendelea. Papa na wenzake walikwenda kwa ajili ya James Brown, na kwa ajili ya Franco wao. King, aliyekuwa ametimiza miaka 49 mwezi uleule, hawakumjua vizuri.

Nimeyaandika maneno ya Papa kwa uangalifu, kwa sababu sijapata kusikia mtu akiueleza upigaji ule vizuri kuliko yeye. Amesema wao walikuwa wamelelewa na gitaa lisilonyamaza, sebene inayozunguka na kuzunguka mpaka mchezaji asahau njia ya kurudi nyumbani, na ghafla akatokea mtu anayepiga sauti moja, anaivuta, anaiacha itetemeke hadi ife, halafu anaimba, na wakati anaimba gitaa liko kimya kabisa. Mwanzoni walidhani waya umekatika. Baada ya nyimbo mbili wakaelewa kwamba walio jukwaani ni wawili: mtu anauliza, gitaa linajibu. Mimi nikamwambia kwamba kwetu hiyo tungeiita ngonjera, naye akacheka kwa furaha na kulirudia neno hilo mara kadhaa. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, maana King mwenyewe alisema waziwazi maishani mwake kwamba hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, na kwamba hakuwa hodari wa kupiga nyuzi kwa pamoja kama wapiga ridhimu. Kile ambacho mwingine angekificha kama upungufu, yeye alikifanya kuwa sahihi yake.

Tumeshuka Memphis alfajiri. Papa alikwenda kumbusu mjukuu, na saa nne akanifuata Mtaa wa Beale. Hapa ndipo Riley King, kijana wa mashambani, alipopatia jina. Mwaka 1946 aliishi miezi kadhaa kwa Bukka White, binamu wa mama yake, aliyepiga gitaa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Aliporudi tena mwaka 1948 alipata nafasi redioni, kisha WDIA, kituo cha kwanza Marekani kutangaza vipindi vyake vyote kwa ajili ya watu Weusi, ambako alitangaza dawa ya kuongeza nguvu iliyoitwa Pepticon na kucheza santuri. Wakamwita Kijana wa Bluzi wa Mtaa wa Beale, kwa Kiingereza “Beale Street Blues Boy”. Jina likafupishwa kuwa Blues Boy, zikabaki herufi mbili za B.

Katika bustani ya Handy tulimkuta mzee anayepiga gitaa kwa ajili ya wapita njia. Nilimwomba anionyeshe ule mtetemo. Hakunionyesha kwenye gitaa. Aliushika mkono wangu, akabonyeza kidole chake cha shahada juu ya kifundo changu, akaondoa dole gumba lisiguse kitu, na kiganja chote kikaanza kupepea kama bawa la ndege mdogo anayenyonya ua. Alisema King alitaka kupata ule mlio wa chuma cha Bukka White, akashindwa kukitumia kile chuma, basi akautafuta mlio uleule kwa kutikisa mkono mtupu. Nimelisoma jambo hili mara nyingi. Leo nimelihisi kwenye mshipa wangu.

Mwanamke mwenye duka la karibu alitoa kutoka kwenye pochi kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi, kile ambacho wapiga udi wa Zanzibar hukiita risha. King alikuwa na kawaida ya kuyagawa kwa mashabiki mwisho wa onyesho, na mwanamke huyu alilipata lake akiwa msichana wa shule. Lakini alilotaka kunisimulia si onyesho. Alitaka kunisimulia tarehe 27 Mei 2015, pale mwili wa King ulipopitishwa hapa Beale ukiwa safarini kuelekea nyumbani, bendi ya matarumbeta ikitangulia, mvua ikinyesha, na watu wamejipanga pande zote mbili bila kujali kulowa. Alisimama mbele ya duka lake akiwa amelishika risha hilo mkononi. Papa, ambaye hakusema mengi siku nzima, alivua kofia yake alipokuwa akisikiliza.

Siku ya Tatu: Twist, Arkansas

Papa amebaki na wajukuu. Nimekodi gari, nikavuka Mto Mississippi na kwenda kaskazini-magharibi kama saa moja hivi hadi Twist, mahali ambapo hakuna mji wa kuuzungumzia, ila barabara, nyumba chache na mashamba yaliyolala tambarare mpaka macho yachoke.

Majira ya baridi ya mwaka 1949 palikuwa na ukumbi wa dansi hapa. Katikati ya sakafu liliwekwa pipa lenye mafuta ya taa yanayowaka, ili watu wapate joto, na wachezaji walilizunguka. Wanaume wawili wakagombana, wakaliangusha pipa, moto ukatambaa sakafuni kama mto. Kila mtu alikimbia, King pamoja nao. Alipofika nje akakumbuka gitaa lake, akarudi ndani. Alinusurika chupuchupu. Watu wawili walikufa usiku ule. Kesho yake aliambiwa kwamba ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aliyefanya kazi humo ndani, jina lake Lucille, naye akalipa gitaa jina hilo, na magitaa yote yaliyofuata, ili ajikumbushe asifanye tena upumbavu kama ule.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama jambo la kuchekesha. Nikiwa nimesimama ukingoni mwa shamba hapa, nimewaza zaidi wale wawili ambao majina yao hayatajwi. Nimewaza pia kijana wa miaka 24 ambaye gitaa lilikuwa ndilo shamba lake, jembe lake na nauli yake. Aliporudi motoni hakuwa akikimbilia mapambo. Mashabiki hupenda kujadili ni aina gani ya gitaa la kampuni ya Gibson aliyotumia lini, na mimi pia napenda: jinsi alivyokuwa akijaza vitambaa ndani ya matundu ya gitaa ili kuzuia ukelele wa spika, mpaka kampuni ilipomtengenezea mwaka 1980 gitaa lenye jina la Lucille lisilo na matundu kabisa. Lakini gitaa la Twist lilikuwa la bei ndogo, na ndilo lililozaa jina.

Sikumkuta mtu wa kumuuliza. Nilikaa nusu saa, nikarudi.

Siku ya Nne: Barabara ya 61

Ni siku ya kuendesha gari tu. Kutoka Memphis hadi Indianola ni kilomita zipatazo 210, na nimefuata Barabara ya 61, ileile lilikopita gari lililobeba mwili wa King. Pamba imepasuka mashambani, nyeupe pande zote, na mashine kubwa zinavuna kazi ambayo zamani ilifanywa na familia nzima kwa vidole. Nilipita Clarksdale bila kukaa sana, ingawa mpenzi yeyote wa bluzi atanilaumu, kwa sababu sikutaka kuchanganya safari ya mtu mmoja na hadithi za wengine.

Nilichowaza njiani ni hesabu moja: mwaka 1956 pekee, King alipiga maonyesho 342. Mimi nina siku nne barabarani na mgongo unauma. Yeye aliishi hivyo zaidi ya miaka 60, wakati mwingi akipita katika miji ambayo hoteli na migahawa yake haikumruhusu kuingia kwa sababu ya rangi yake.

Siku ya Tano: Indianola

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye kona ya Mtaa wa Church na Mtaa wa Second, ambako nyayo na jina la King vimehifadhiwa katika saruji. Hapa alikaa siku za Jumamosi akiwa dereva wa trekta, akipiga gitaa watu wakirudi sokoni. Alisimulia mara nyingi kwamba alipoimba nyimbo za dini, watu walimpigapiga bega na kumwombea heri. Alipoimba bluzi, walitupa sarafu. Msomaji aliyewahi kuketi katika taarab na kuona jinsi mwimbaji anavyotunzwa, noti moja moja, kwa sababu mshairi amegusa jambo la moyoni mwa mtu, hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini kijana yule alichagua njia aliyoichagua.

Hapo konani nilimkuta mzee aliyeketi kwenye kiti chake cha kukunja. Baba yake alifanya kazi katika mashamba yaleyale, na ndiye aliyemsimulia habari za trekta: siku moja ya mwaka 1946 King alilizima na kuruka chini, injini ikagutuka, likasonga mbele na kuvunja bomba la moshi ghalani. Kwa hofu ya mwenye shamba, akachukua gitaa na dola 2 na nusu mfukoni, akakimbilia Memphis. Baadaye alirudi, akakiri, akafanya kazi mpaka deni likaisha. Mzee analisimulia hili kwa fahari kubwa kuliko anavyosimulia tuzo 15 za Grammy au nishani aliyovishwa Ikulu ya Marekani mwaka 2006. Karibu kila mwaka, ananiambia, King alirudi Indianola kupiga mchana katika uwanja wa wazi, watoto wakiwa mbele kabisa, na usiku Club Ebony, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1948 ambao King aliununua mwaka 2008.

Makumbusho yake yalifunguliwa Septemba 2008, na sehemu yake moja ni jengo la matofali la kuchambulia pamba ambamo yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi. Sikutarajia jengo hilo linishike namna ile. Niligusa ukuta kwa muda mrefu. Mle ndani nilizungumza na mzungu mmoja mzee kutoka California, aliyekuwa kijana wa miaka 19 pale San Francisco, Februari 1967, ukumbi wa Fillmore. King alizoea kuwapigia watu Weusi. Usiku ule alipofika na kuwaona vijana wa kizungu wenye nywele ndefu wamejaa mpaka ngazini, alidhani dereva wake amepotea njia. Alipotajwa jina, wote walisimama na kushangilia kabla hajagusa uzi hata mmoja, naye akalia. Mtu huyu aliniambia kwamba alikuwa karibu kiasi cha kuyaona machozi, na kwamba mpaka leo hajui wimbo wa kwanza ulikuwa upi, kwa sababu alikuwa akitazama uso.

Jioni nilirudi kwa mzee wa konani, nikamwambia yangu. Nilimsimulia usiku wa House of Blues jinsi ulivyokuwa, mikono iliyokuwa ikitafuta nyuzi, watu waliokuwa wakinong’ona, na jinsi nilivyotoka nje nikiona aibu ya kumwona mtu mkubwa namna ile akiwa hajiwezi. Nikamwambia pia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba katikati ya yote hayo alivuta sauti moja, ndefu, ikatetemeka vilevile kama kwenye kanda ya baba, na kwa muda wa pumzi moja hakuwa mgonjwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba sisi wote tuliosimama pale usiku ule tulikuwa tumemtoa mgeni mlangoni na kutembea naye hadi barabarani. Alisema kwa Kiingereza cha Mississippi, kwa maneno mengi. Kwa Kiswahili ni neno moja: tulimsindikiza.

Kabla giza halijaingia nilikwenda kaburini, katika viwanja vya makumbusho. Nilisimama, nikasalimu, nikamwombea yeye na baba yangu.

Siku ya Sita: Berclair, kisha njia ya kurudi

King alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 karibu na Berclair, si mbali na Itta Bena, katika nyumba ya wakulima wasio na ardhi yao. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na bibi yake. Hakuna nyumba leo. Kuna kijito, miti, na pamba. Nilimpigia Papa simu ili aone kwa kamera, akanitaka nigeuze simu polepole pande zote, akauliza: “Ni hapo tu?” Nikamjibu kwamba ni hapo tu. Akasema kwao kijijini ni vilevile.

Nimerudi kaskazini kwa Barabara ya 61. Tangu Chicago nilikuwa sijaifungua ile santuri ya Regal, nikiogopa kuisikia kabla ya wakati wake. Nilipoiweka, jua lilikuwa linazama upande wa mto. Palipofika pale kwenye watoto saba nilisimamisha gari kando, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na tena mara ya tatu, nikiitafuta katika yowe la watu wote wale sauti ya msichana mmoja aliyeruka kutoka kitini.